Kompyuta Tulikuwa Sisi

Siku niliyoajiriwa katika kituo cha utafiti wa ziwa pale Bukoba, karani alinisomea cheo changu kwa Kiingereza, nami nikamwomba arudie.

"Kompyuta," alisema. "Maana yake mtu anayepiga hesabu. Utakaa chumba cha mwisho, karibu na stoo ya nyavu."

Zilikuwa siku za Mwingereza, miaka ya mwisho mwisho, ingawa sisi hatukujua kuwa ni ya mwisho. Nilirudi Kashozi nikamwambia Tata, baba yangu, kwamba nimekuwa kompyuta wa serikali. Tata alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, na ndiye aliyenipeleka shule ya masista huku ndugu zake wote wakimpinga. Aliuliza swali moja tu.

"Ni kazi ya kukaa au ya kusimama?"

"Ya kukaa, Tata."

"Basi mshukuru Mungu."

Kile chumba kilinuka samaki na mafuta ya mashine. Tulikuwa wasichana wawili: mimi, na binti wa mchungaji wa Kilutheri kutoka Muleba. Nyumbani kwetu nilikuwa nimeambiwa tangu utotoni kwamba Walutheri hawamheshimu Bikira Maria, na yeye alikuwa ameambiwa mengine juu yetu. Wiki ya kwanza tulitazamana kwa pembe ya jicho. Wiki ya pili alinigawia senene wa kukaanga kutoka kwenye kikopo chake, na mambo ya dini yakaishia hapo.

Kila mmoja wetu alikuwa na mashine yake ya hesabu, chuma kizito chenye meno ya namba na mkono wa kuzungusha ubavuni. Ukitaka kuzidisha unazungusha mbele, ukitaka kugawanya unazungusha nyuma, na hesabu ikipita mpaka kengele inalia. Ilipolia mara ya kwanza niliruka kutoka kitini nikidhani nimeiharibu. Aliyetufundisha, memsahibu mmoja mwembamba mwenye miwani, alicheka mpaka akakohoa. Yeye mwenyewe alikuwa kompyuta kwao wakati wa vita, chumba kizima cha wanawake, alituambia, kila mmoja na mashine yake, wakizungusha tangu asubuhi hadi jioni.

Hesabu zetu zilikuwa za samaki. Wapimaji wa kituo walikaa kwenye kambi za wavuvi kisiwani Goziba, wakipima kila ngege, samaki wa jamii ya sato, aliyetolewa wavuni: urefu, uzito, dume au jike, na ukubwa wa matundu ya wavu uliomnasa. Karatasi zao zilikuja kwa boti, nasi tukazigeuza kuwa wastani na mistari. Wakubwa walitaka kujua kama samaki wanapungua. Mkono wangu wa kulia ulinenepa kuliko wa kushoto. Ma alipouona, akaushika na kuupima kwa vidole vyake.

Kisha memsahibu akaja na kimashine kidogo cha kutoboa, pamoja na maboksi ya kadi ngumu za rangi ya maziwa. Kila samaki angekuwa na kadi yake, alisema, na kila tundu lingekuwa na maana kwa mahali lilipo. Kadi zikijaa zitapelekwa Nairobi, ambako kuna mashine kubwa inayozisoma.

"Inazisoma kwa macho gani?" mwenzangu aliuliza.

"Kwa umeme," alijibu memsahibu. Hatukujua swali linalofuata ni lipi.

Tulitoboa msimu mzima. Kazi ilipokwisha, memsahibu alizipanga kadi zote kwenye sanduku la mbao, na juu yake akaweka karatasi za wapimaji wa Goziba, ili watu wa Nairobi wakiwa na shaka waweze kulinganisha. Hatukubakiza nakala. Leo nikimsimulia mtu jambo hilo ananishangaa, lakini kunakili karatasi zile kwa mkono kungetuchukua msimu mwingine, na hakuna aliyefikiri juu ya maji.

Siku ya meli tulikwenda gatini sote watatu, tumevaa vizuri kama watu wanaomsindikiza bibi harusi. Ziwa lilikuwa limechafuka. Meli ilishindwa kukaribia, ikatia nanga mbali, na mizigo ikaanza kushushwa kwenye tishali, lile boti pana la kubebea mizigo, ipelekwe huko huko. Wachukuzi wawili walilibeba sanduku letu. Mmoja alikuwa ameshaingia tishalini, mwingine bado gatini, wimbi likainua tishali na kuisukuma kando. Niliona mikono minne ikiliachia sanduku kwa pamoja.

Halikupiga kishindo kikubwa. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Kazi yetu yote iliingia majini kwa sauti ya ndoo kisimani.

Mwenzangu alipiga yowe. Wachukuzi wale, Mungu awabariki popote walipo, walijitosa na nguo zao, na baada ya kuhangaika sana wakalipandisha kwa kamba, maji yakimwagika kwenye kila ufa. Memsahibu alilifungua pale pale. Karatasi za Goziba zilikuwa juu. Alichukua moja, akaigeuza, akachukua nyingine. Wino ulikuwa umeondoka. Kulikuwa na weupe wenye mawingu ya buluu, na basi.

Akakaa chini. Sisemi alichuchumaa, alikaa kwenye udongo wa gati na sketi yake nyeupe, akalia mbele ya wachukuzi na wauza ndizi. Sikuwahi kuona Mzungu analia. Nilifundishwa kuwaogopa, kuwaheshimu na kuwasalimu, lakini hakuna aliyenifundisha la kufanya Mzungu akilia. Nilisimama mikono ikining'inia. Mwenzangu ndiye aliyepiga magoti akaingiza mkono sandukuni.

"Matundu bado yapo," alisema.

Memsahibu hakusikia.

"Waitu," alimwita kwa heshima ya Kihaya, "tazama. Wino umekufa, matundu hayakufa." Akainua kadi moja iliyovimba kama mkate ulioloweshwa chai, akaielekeza juani. Mwanga ulipita kwenye kila tundu.

Hapo ndipo nilipopata sauti. "Tukiziacha zimeshikamana zitaoza. Nyumbani tuna mikeka ya kahawa, na jua la Kashozi ni kali."

Lori la kituo lilitupeleka siku ile ile. Ma alikuwa uani, kahawa yake imetandazwa mikekani, akiigeuza kwa mguu. Aliona lori la serikali, memsahibu mwenye matope, binti wa Kilutheri, na mimi nimekumbatia sanduku linalovuja. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mawe!" alimaka kwa Kihaya. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Ma. Tunaomba mikeka."

"Mikeka ya kahawa?"

"Tuanike hizi."

Alichukua kadi, akaitazama mbele na nyuma. "Lakini zimeliwa na wadudu."

"Sio wadudu. Ni sisi tuliotoboa. Kila moja ni samaki mmoja. Huyo ni ngege wa Goziba."

Ma alinitazama kwa uso nilioukumbuka kutoka siku nilipougua malaria na kuweweseka. Kisha akamtazama memsahibu, akaona macho yake mekundu, na jambo fulani likaamuliwa ndani yake. Alianza kukusanya kahawa yake kwenye vikapu. "Anikeni," alisema. "Lakini mniambie vizuri baadaye."

Majirani walikuja kusaidia. Tulizibandua moja moja kwa kucha, tukazilaza kama watoto, na vijiwe vidogo juu yake zisipeperuke. Tata aliporudi kutoka kanisani alikuta ua wake wote umekuwa wa rangi ya maziwa, na Mzungu amepiga magoti katikati ya wanawake wa kijiji. Alivua kofia, akabaki nayo mkononi.

"Na hii ndiyo kazi ya kukaa?" aliniuliza kwa Kihaya.

Zilikauka, lakini zilijikunja kama majani ya mgomba yaliyoungua jua. Memsahibu alisema mashine ya Nairobi ingezitema. Ikabidi tuzisome sisi. Dirishani kwetu mwenzangu aliinua kadi kwenye mwanga na kutaja namba kwa sauti, nami nikatoboa kadi mpya, kisha tukabadilishana. Mwishoni nilikuwa naona samaki, sioni matundu: mrefu, jike, wavu mwembamba.

Sanduku la pili lilisafiri salama. Tulijiandaa kusubiri, kwa sababu sisi kwa mikono yetu tungehitaji mwaka na zaidi. Majibu yalirudi na meli ya pili tu kutoka huko. Memsahibu alitandaza karatasi ndefu mezani, namba zimepangwa wima, safi, hakuna hata moja iliyofutwa.

"Iliwachukua muda gani?" niliuliza.

"Asubuhi moja," alisema. "Walimaliza kabla ya chakula cha mchana."

Sikumwelewa. Nilimwomba arudie, akarudia. Nakumbuka niliutazama mkono wangu wa kulia uliolala mezani, kama vile ni wa mtu mwingine. Mwenzangu alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Hatukuona wivu wala hasira, bado. Tulikuwa kama watu walioamka wakakuta mlima uliokuwa mbele ya nyumba haupo.

Hasira ilikuja baada ya wiki chache. Mkuu wa kituo alituita akatueleza, kwa upole, kwamba cheo cha kompyuta kinafutwa. Neno hilo sasa lilikuwa la mashine. Sisi, tukipenda, tungebaki kama watoboaji wa kadi.

"Mashine imechukua mpaka jina?" mwenzangu alimuuliza.

Mkuu alisema ndivyo ilivyo duniani kote. Memsahibu alisimama nyuma yake, akiangalia nje. Baadaye nilijua kwamba naye alikuwa ameambiwa maneno kama hayo juu ya kazi yake.

Mimi nilikubali. Nilitaka kubaki karibu na jambo lile, hata kama nilikuwa mlangoni pake tu, na nilitoboa kadi mpaka bendera ilipobadilishwa, na miaka mingi baadaye. Mwenzangu alikataa. Alirudi Muleba kufundisha hesabu shule ya wasichana, na inasemekana alikuwa mkali sana.

Nilimsindikiza hadi lilipoegeshwa lori la kwenda Muleba. Alikuwa na begi moja na mkungu wa ndizi. Alipanda, akajibanza kati ya magunia, na lori lilipoanza kuondoka akanipigia kelele juu ya mngurumo: "Ukifika Nairobi, iangalie vizuri hiyo mashine, uniandikie inafananaje!"

Niliahidi. Ilipita miaka kabla sijaiona.