Bomba Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Kwetu kitu hakihesabiwi kuwa kipo mpaka mtu mkubwa akikatie utepe. Darasa likijengwa, watoto watakaa nje wakilitazama mpaka mgeni rasmi apate nafasi. Choo kikichimbwa, watu watajibana kwa adabu. Nayajua haya vizuri, maana kazi yangu ni kukodisha mahema na viti hapa Mbuya, mlima mmoja wa Kampala, na nimechoka kuona watu wazima wakipigia mkasi makofi.

Nilizaliwa kwenye mlima huu huu, katika nyumba za askari, na Kiswahili ndicho tulichogombania chakula nacho. Baba alipostaafu jeshi alirudi kwao kaskazini na mama, wakamchukua mdogo wetu wa mwisho, msichana mrefu mwenye akili na ulimi mwepesi. Mimi nikabaki mjini na viti vyangu. Mdogo wangu akaandikishwa katika shule ya kijijini, akafika mpaka darasa la saba, mwaka wa mtihani.

Shule yenyewe haikuwa na maji. Kila asubuhi wasichana walitumwa kijitoni, ng'ambo ya bonde, wakalete maji ya jikoni na ya nyumba za walimu. Wavulana walifagia uwanja, kazi ya kutimua vumbi kidogo, kisha wakaingia darasani. Wasichana waliporudi, sketi zimelowa na shingo zinauma, somo la hesabu lilikuwa limekwisha, na bado waliulizwa maswali yake. Waliokuwa katika siku zao hawakuja kabisa, kwani utakaaje mchana kutwa mahali pasipo na tone la kujisafishia? Jioni nao walisoma kwa kibatari kama mafuta yapo, na kwa kawaida hayakuwapo. Wakishindwa mtihani, wakubwa walisema wasichana wa huko hawapendi shule.

Baba alivumilia, kisha akachoka.

"Kama ni shule ya kuchota maji, hata hapa nyumbani iko," aliniambia kwa simu. "Tena hapa hawaulizi yunifomu. Muhula wa pili ikianza na bado ni hivi, mimi natoa yeye."

Baba ni mtu wa amri moja, hairudii. Nilijua akimtoa, mdogo wangu hatafanya mtihani, na msichana wa umri ule asiye na shule hukaa nyumbani muda mfupi tu kabla shangazi fulani hajamtafutia mume. Nilikosa usingizi kwa ajili hiyo.

Ndipo shirika moja la hapa Kampala likachimba kisima pale shuleni. Waliweka paneli za sola juu ya paa, pampu, tangi refu, bomba uwanjani na balbu katika madarasa. Mafundi hawakuchelewa hata kidogo, na hilo peke yake lingetosha kunitia shaka. Siku walipojaribu pampu mdogo wangu alinipigia simu kwa kelele.

"Dada, maji imetoka! Imerukia headmaster kwa viatu!"

"Na taa?"

"Taa inawaka yenyewe, hakuna kiberiti!"

Nilicheka nikiwa nimesimama katikati ya viti vyangu, nikamwambia sasa hana kisingizio, asome. Kesho yake mwalimu mkuu alilifunga bomba kwa kufuli, akalivika nailoni, akazima na taa. Halikuwa limefunguliwa rasmi.

Kwa bahati, au kwa kejeli ya bahati, shirika lenyewe lilikuja kwangu kutafuta mahema ya hafla. Niliitwa kikaoni katika ukumbi mmoja wa Mengo, hapa hapa mjini. Watu wenye shahada walikaa wakabishana juu ya utepe uwe wa buluu kwa sababu ya maji au wa manjano kwa sababu ya jua. Walipatana uwe wa rangi zote mbili, wakapongezana. Halafu wakaingia kwenye keki. Mmoja alitaka keki yenye umbo la bomba, mwingine akauliza mdomo wa bomba utasimamaje bila kuanguka, na hapo wote wakanyamaza wakifikiri kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona ikitumika kwa jambo lenye maana.

Nilinyoosha mkono. "Lakini maji yanatoka?"

"Maji iko, nyabo," alijibu mama aliyesimamia mradi, mwanamke mpole mwenye miwani, akiniita bibi kwa Kiganda. "Ila bado hatujafungua."

"Si watoto wachote tu wakati mnangoja?"

Alinitazama kwa huruma. "Sasa wakichota, mgeni atafungua nini?"

Ukumbi mzima ulitikisa kichwa kukubali. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afungiwe dawa kabatini mpaka mgeni amalize safari zake.

Na mgeni huyu alikuwa na safari. Kwanza alikwenda nje ya nchi. Akarudi, akafiwa na mkwe. Akamaliza msiba, mvua ikanyesha, wakasema barabara haifai gari lake. Kila hafla ilipoahirishwa mama wa miwani alinipigia simu kuniomba radhi kwa ajili ya mahema, na kila mara nilimwambia mahema hayasomi darasa la saba. Alidhani natania, akacheka.

Muhula wa pili ulianza. Nilimpigia baba kumsihi.

"Baba, bomba liko tayari. Ngoja kidogo tu."

"Tayari ni nini? Tayari ni maji kwa sufuria," alisema. "Hiyo bomba yako nimeona. Imefungwa nguo kama maiti. Msichana wangu hawezi kungoja maiti iamke."

Akamtoa. Nililia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani, mzee wangu au utepe.

Hafla ilipofika hatimaye, nilisafiri na lori la viti. Kitu cha kwanza nilichokiona pale shuleni ni wasichana wakipanda kutoka bondeni, madumu vichwani, miguu imejaa tope. Walikuwa wakileta maji ya kupikia pilau ya wageni na ya kunawia mikono. Walipita na maji yao kando kabisa ya lile bomba lenye kufuli, hata dumu la mmoja likaligusa.

Nilimuuliza mwalimu mkuu kama amerogwa.

"Dada, ile ni ya mgeni kufungua," alinijibu kwa upole. "Tukiitumia leo, si itakuwa aibu?"

Kwa hiyo hafla ya kufungua maji ilipikiwa kwa maji ya kijitoni. Nawaambia watu hadi leo, wanafikiri natia chumvi.

Mdogo wangu alikuja kunisaidia kuvisha viti. Alikuwa amepungua, na ule ulimi mwepesi ulikuwa umetulia. Nilikuwa bado namwangalia, mama wa miwani akatokea, anatafuta msichana wa kumpa mgeni kikombe cha kwanza. Wanafunzi wote walikuwa wamelowa na kuchafuka kwa kazi aliyowapa yeye mwenyewe. Macho yake yakamwangukia mdogo wangu, mkavu na msafi.

"Huyu! Huyu iko sawa kabisa. Mpeni yunifomu."

"Huyu hasomi hapa tena," nilisema.

"Ni ya picha tu, nyabo."

Wakamvua sare msichana mmoja wa kimo chake, wakaifuta tope na kuianika juani, naye wakamkalisha stoo amejifunga kanga mpaka shughuli iishe. Nilifungua mdomo kugomba. Mdogo wangu akanishika mkono.

"Dada, acha," alisema chini chini. "Mimi nataka kuvaa."

Nikaacha. Nilimfunga vifungo mwenyewe, na moyo uliniuma kiasi cha kushindwa kumtazama usoni.

Mgeni akakata utepe wa rangi mbili. Akafungua kufuli, maji yakatoka kwa nguvu, watu wakapiga vigelegele. Mdogo wangu akapiga goti, akampa kikombe. Mgeni akakiinua ili apigwe picha, akamshika bega na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo binti huyu hatakosa darasa tena. Halafu akakiweka kikombe mezani, akanywa maji yake ya chupa. Ile keki ilikuwa imelala ubavu tangu barabarani, nayo ikapigwa picha hivyo hivyo.

Maji hayana kosa, na lazima niseme. Wasichana wa pale sasa wanasikia somo la hesabu tangu mwanzo, hawapotei tena kila mwezi, na jioni wanarudi kusoma chini ya zile balbu. Mwalimu mkuu hunisimulia kana kwamba jua alilichomoza yeye.

Lakini siku ile, wageni walipoondoka, baba aliinuka kutoka viti vya nyuma, akavuka uwanja kwa mwendo wake wa kijeshi. Alikinga kiganja bombani, akanywa, akajifuta.

"Sasa maji iko," akamwambia mwalimu mkuu. "Msichana arudi kesho."

Sikuwahi kumsikia baba akibatilisha amri. Mdogo wangu alisimama karibu yake ndani ya sare ya mwenzake, amenyooka.

Mwalimu mkuu akakuna shingo. "Mzee, majina ya mtihani ilishaenda. Yake tulitoa. Labda mwakani."

Mwakani. Kijijini kwetu hilo ni neno la kumfukuzia mtu kwa heshima. Mdogo wangu alikwenda stoo akairudisha sare, akatoka na gauni lake la nyumbani, akaweka dumu chini ya bomba. Lilijaa papo hapo. Safari iliyokuwa ikimla asubuhi nzima sasa ilikuwa ya dakika chache tu, naye hakuwa na mahali pa kuwahi.