Taiti Mbele ya Mama Mkwe

Aliyeniponza ni jirani yangu wa duka la vifaa vya ujenzi, Mhindi aliyezaliwa Kibiti kwa baba aliyezaliwa Kibiti, anayejua kusuta mtu kwa Kindengereko kuliko mimi. Alikuja kibandani ninaposhonea nguo, akanitazama tumbo kama anayekadiria uzito wa mfuko wa saruji.

"Fundi, kuna klabu ya baiskeli inakuja kutoka Dar. Wataendesha kutoka hapa mpaka Nyamwage. Nimetuandikisha."

"Umetuandikisha nani na nani?"

"Mimi na wewe. Daktari si kakwambia upungue?"

Daktari alisema nipunguze wali, hakutaja Nyamwage. Lakini wakati huo nilikuwa nakunywa chai aliyoniletea yeye, nikaona haya kukataa na kikombe mkononi.

Siku moja kabla ya safari watu wa klabu wakagawa sare: jezi ya kijani na taiti nyeusi yenye kigodoro makalioni. Taiti kubwa kuliko zote ilinifika mapajani ikagoma. Sikutishika. Mimi fundi cherehani, nimeshawahi kumwingiza bibi harusi kwenye gauni la mdogo wake. Nikaifumua nyuma, nikaongeza kipande cha kitambaa, nikapiga cherehani. Kosa lilikuwa uzi. Kitambaa kile kinavutika, uzi wa kawaida hauvutiki, na hilo namwambia kila anayekuja kujifunza kwangu. Siku hiyo sikujiambia mwenyewe.

Baada ya swala ya alfajiri tukajipanga barabarani. Wageni walikuwa na baiskeli nyepesi za kunyanyua kwa kidole, na miwani iliyowafanya wafanane na nzi. Mimi nilikuwa na baiskeli yangu ya kazi, chuma kitupu, na keria nyuma ya kubebea majora ya vitambaa. Kiongozi wa msafara, mama mmoja mwembamba mwenye filimbi, akaizunguka.

"Breki zipo?"

"Ipo," nikamjibu.

Barabara ya kwenda Ikwiriri nimeipita maisha yangu yote nikiwa ndani ya basi, na siku zote niliamini ni tambarare. Mapaja yangu yalinisahihisha. Jirani alianza mbele, akiwapungia watu mkono kama mgombea udiwani. Baadaye nikamkuta kakaa chini ya mkorosho, kavua viatu, anakula tende.

"Tangulia," akasema. "Mimi nasubiri gari la huduma."

Karibu na Ikwiriri kulikuwa na mwinuko mdogo. Nikasimama juu ya pedali ili nijisukume, nikasikia sauti ambayo kwa kazi yangu siwezi kuikosea. Upepo wa bonde la Rufiji ukaingia mahali ambapo haujawahi kualikwa. Nikaketi upesi. Nikajisemea kwamba nikikaa hivi hivi mpaka Nyamwage hakuna atakayejua.

Kituo cha uji kilikuwa Ikwiriri, mbele ya nyumba ya mama mkwe wangu. Mke wangu ndiye aliyepeleka habari, na mama akajitolea kupika. Alikuwa barabarani na jirani zake, kina mama wa Kimatumbi watu wazima wenye heshima zao, na ndoo ya uji. Tangu nioe, mama huyo hakuwahi kuniona ila ndani ya kanzu au suruali pana. Tukikutana yeye hutazama ukuta, mimi hutazama vidole vya miguu yangu, na maneno yote hupitia kwa mke wangu kama mkalimani.

Nikainamia usukani nipite kama mgeni. Filimbi ikalia. Nikasimama, mguu mmoja chini, makalio yamegandia kitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Shuka unywe uji."

"Nitanywea hapa hapa juu."

"Uji gani wa kunywea juu ya baiskeli? Shuka."

"Mama, siwezi kushuka."

Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaguna, akasema kitu kwa Kimatumbi. Sikuomba tafsiri. Wote kwa pamoja wakageuka kutazama upande wa pili. Mama mkwe akavua kanga ya mabegani, akabaki na ya kichwani, akageuza uso, akanyoosha mkono.

"Jifunge."

Nikajifunga. Masikio yaliniwaka moto. Ardhi ingepasuka ningeingia na baiskeli yangu. Halafu nikasikia mlio kama wa birika linaloanza kuchemka. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alijizuia, akashindwa, akakaa kwenye kizingiti akishika mbavu, na wenzake wakaangua naye. Mwishowe na mimi nikacheka, nikanywa uji.

Kiongozi akaja kuniuliza kama nipande gari. Nilikuwa nafungua mdomo nikubali, mama akaniwahi.

"Mkwe wangu anaendelea," akasema. "Si ameshavaa?"

Nikavuka daraja la Rufiji na kanga, pindo nimelichomeka kiunoni lisiliwe na mnyororo. Maandishi ya kanga yalikuwa yamekaa sawasawa makalioni. Siyaandiki hapa, ila watu wa Chumbi wanaojua kusoma waliyasoma kwa sauti, na wengine wakayajibu. Kila penye kilima nilishuka nikasukuma, nikajikaza kisabuni, mpaka Nyamwage. Wote walikuwa wameshafika, hata jirani, aliyeteremka garini mzima kama bwana harusi akanipokea kwa makofi.

Wakanivisha medali, wakaniletea wali na samaki. Simu ikaita. Nilidhani ni mke wangu, kumbe mama mkwe, ambaye hajawahi kunipigia hata siku moja.

"Umefika, baba?"

"Nimefika, mama."

"Umekaa?"

"Hapana, mama. Hakukaliki. Nimesimama."

"Haya, kula hivyo hivyo umesimama," akasema, na nyuma yake nikawasikia wale kina mama wakianza upya kucheka.