Jogoo wa Bibi Dina Alivyouzwa kwa Ng'ombe

Siku za kazi Nathanaeli alikuwa mkulima wa karoti huku Shume, na Jumapili alikuwa mnadishaji wa kanisa. Ukimkuta shambani ungemhurumia: mfupi, mpole, hata mbwa wa jirani hawakujisumbua kumbwekea. Lakini ibada ikishakwisha, sadaka za mazao zikapangwa mezani pale nje ili zinadiwe, alikuwa mtu mwingine kabisa. Alinadi kabichi moja mpaka ukaona aibu kwamba umeishi miaka yote bila kuwa nayo. Kuna akina mama walionunua mayai ya kuku wao wenyewe, wakafika nyumbani ndipo wakashtuka.

Mnada wa pale ulikuwa na sheria zake. Asiye na fedha alitaja mazao au mfugo, ikakubalika. Nathanaeli akishatangaza dau mara tatu na kugonga meza kwa kipande chake cha mbao, basi, imeuzwa. Mnunuzi akiingia mitini, analipa mnadishaji, kwa kuwa ndiye aliyegonga. Sheria hiyo waliiweka kwa ajili ya mnadishaji aliyemtangulia, bwana mmoja aliyekuwa na tabia ya kuwagongea shemeji zake dau la hewa, wakabeba mali bila kulipa. Nathanaeli haikuwahi kumsumbua. Watu wa pale wakitaja debe la viazi, wanaleta debe la viazi.

Sikukuu ya mavuno akaja diwani, Mheshimiwa Timotheo. Huyu bwana alikuwa na mdomo, jamani, tusidanganyane. Aliomba kipaza sauti asalimie kwa dakika moja tu, na dakika moja ya diwani wote mnaijua. Alisalimia, akasifu, akasifu tena, kisha akamwona jogoo mwekundu wa Bibi Dina, amefungwa miguu mezani anangoja zamu yake.

"Ndugu zangu," akasema, "kwa jogoo kama huyu, na kwa upendo nilionao kwenu, mimi natoa ng'ombe. Ng'ombe mzima!"

Watu wakapiga makofi. Diwani akanyamaza kidogo avute pumzi, na hapo ndipo alipokosea, maana Nathanaeli alikuwa amesimama pale pale mezani.

"Ng'ombe mara ya kwanza. Ng'ombe mara ya pili. Kuna zaidi ya ng'ombe? Ng'ombe mara ya tatu." Akagonga.

Watu waliangua kicheko. Diwani mwenyewe alicheka kuliko wote, akapunga mkono, akapanda gari akaenda zake. Jogoo akabaki mezani.

Ambaye hakucheka ni Mzee Kristian, mtunza hazina wa kanisa, mtu ambaye nadhani alizaliwa amekunja uso.

"Nathanaeli, umegonga," akasema.

"Nimegonga, mzee."

"Basi Jumapili ijayo ng'ombe awe hapa. Akiwa wa diwani, sawa. Akiwa Lulu, sawa vilevile."

Lulu alikuwa ng'ombe pekee wa Nathanaeli. Maziwa ya Lulu ndiyo yaliyomsomesha mwanawe Jofrey mpaka Tanga, na ndiyo yaliyokuwa yakiweka chumvi na sabuni ndani ya nyumba. Mkewe, Evelina, aliposikia habari hiyo hakufoka, na Nathanaeli akaogopa zaidi.

"Baba Jofrey," alimwuliza taratibu, "yaani wewe umemwamini diwani? Mbele za watu?"

Wiki hiyo ilikuwa ya mateso. Kwa kuwa bidhaa isiyolipiwa hukaa kwa mnadishaji, jogoo alihamia kwao. Aliwika muda wowote aliojisikia, akamdonoa Nathanaeli kisigino, akala mahindi ya mbegu. Nathanaeli akapiga simu kwa diwani. "Ng'ombe yuko kwenye mchakato," akajibiwa. Akapiga tena. "Suala la ng'ombe tumelipokea." Hao waliolipokea ni akina nani, Nathanaeli hakuambiwa.

Akaenda kwenye kibanda cha chai kutafuta faraja. Mwalimu Ismaili, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku na bado analalamikia baridi, akamweka sawa.

"Maneno ya wanasiasa hayapimwi kwa kweli na uongo, ndugu yangu. Ni kama salamu. Mtu akikuuliza habari za nyumbani, ukamjibu nzuri, anakuja kukagua?"

"Haji, mwalimu. Lakini mimi sikunadi salamu," akasema Nathanaeli. "Nilinadi jogoo."

Wote kibandani wakamcheka. Alirudi nyumbani akaingia bandani, akamkumbatia Lulu shingo, akalia kabisa, mtu mzima na ndevu zake. Lulu akamlamba sikio.

Aliyeokoa jahazi ni Evelina. Alichukua simu ya mumewe, akaandika ujumbe: "Mheshimiwa, Jumapili waumini wanataka kukupongeza kwa ng'ombe wako." Diwani hajawahi kukosa pongezi. Jumapili alifika mapema, amevaa suti, akakaa mbele.

Baada ya ibada watu wote wakakusanyika mezani. Mzee Kristian akasimama.

"Mheshimiwa, tumesubiri ng'ombe. Lakini sisi si watu wabaya. Kama siku ile ulikuwa unasema tu, chukua kipaza sauti, uwaambie watu hawa kwamba ukisema huwa humaanishi. Tutaufuta mnada, na Nathanaeli atabaki na ng'ombe wake."

Diwani akapokea kipaza sauti. "Ndugu zangu, niliposema ng'ombe, nilikuwa nazungumzia ng'ombe kama dhamira. Ng'ombe kwa maana pana..."

"Hapana, mheshimiwa," Mzee Kristian akamkatiza. "Sema tu kwamba humaanishi. Ni neno moja."

Nathanaeli alikuwa akimwomba Mungu diwani aseme lolote, mradi aseme. Diwani aliwaangalia watu wale mmoja mmoja, na wote walikuwa wapiga kura. Akaweka kipaza sauti chini, akasogea pembeni, akapiga simu nyumbani kwake Mnazi, kule bondeni.

Ng'ombe akaletwa alasiri kwa pikapu, amekonda, amekasirika, ameharisha njia nzima ya kupanda mlima. Lakini ng'ombe ni ng'ombe. Mzee Kristian akampokea, Nathanaeli akamkabidhi diwani jogoo wake, na Evelina akacheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze.

Diwani alikuwa anaelekea kwenye gari, jogoo kwapani, Bibi Dina alipomfuata na mkongojo wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ulikuwa mkweli. Sasa na ile zahanati uliyotuahidi, inakuja lini?"

Watu wakasogea. Diwani akageuka taratibu, akamtafuta Nathanaeli kwa macho, akamsogelea na kumnong'oneza kwa hofu kabisa:

"Na ile nayo uligonga?"

Nathanaeli akafikiri. Akamwangalia Bibi Dina, akaona haya.

"Hapana, mheshimiwa," akajibu. "Ile tulipiga makofi tu."

Diwani akashusha pumzi, akapanda gari.