Siku Nilipochungulia Darasa la Lutengano

Ninyi mnaosimamia wanafunzi wa shahada siku hizi mkinicheka sitakasirika, maana hata mke wangu nilipomsimulia alicheka hadi akaketi chini, kisha alipouona uso wangu akanyamaza. Aibu hii nimeibeba tangu enzi za Mwingereza, na leo acheni niitue.

Nilikuwa mkufunzi katika chuo cha walimu, Njombe. Mkuu wa chuo alinikabidhi kijana mmoja Mkinga kutoka Makete, jina lake Lutengano, mpole, asiyesema ovyo, nimwongoze katika uchunguzi wake (ninyi mnauita utafiti). Alitaka kujua kwa nini watoto wanaoanza shule, ambao nyumbani huongea Kibena kutwa nzima bila kuchoka, wakiingia darasani huwa kama wamemwagiwa maji ya baridi. Akaenda kuishi karibu na shule moja ya kijijini, nje kidogo ya Makambako, akawa anafundisha darasa la kwanza. Mwanzoni wazazi walimtilia shaka, kwa sababu ulikuwapo uvumi wa mumiani, watu waliosemekana kunyonya damu ya watoto wakaiuze, na mgeni mwenye kuulizauliza habari za watoto alitazamwa kwa jicho baya. Yeye akalima nao viazi, akasali nao, akazika nao, hadi akina mama wakawa wanamwita mwanetu.

Basi nikaenda kumkagua, na hapo ndipo nilipokata shauri langu dogo. Nilijiambia nikiingia darasani na koti langu refu jeusi watoto watanyamaza nisione kitu, afadhali nijifiche. Nyuma ya darasa palikuwa na stoo ya majembe, na ukuta wa udongo uliotenga vyumba hivyo viwili ulikuwa na ufa. Nikajipenyeza humo asubuhi kabla watoto hawajafika, wala sikumwambia Lutengano (nilitaka kumwona naye alivyo hasa, nikajiona mjanja kweli).

Mwanzo ulikuwa mzuri. Lutengano aliwauliza watoto kwa Kibena habari za ndama, wakajibu wote kwa pamoja, wakabishana, wakacheka, nami kwa furaha nikatoa chupa ya wino mwekundu niandike, gizani ikanimwagikia mikononi, nikajipangusa uso kabla sijafikiri, vumbi likanipanda puani, nikapiga chafya ya kuezua paa. Kisha msichana mmoja akaja akaweka jicho lake kwenye ufa, likakutana na langu.

"Mumiani! Ana damu!"

Watoto wakaruka madirishani. Ningetoka mlangoni taratibu nikajitambulisha, labda yangeishia hapo, lakini mlango ulitazamana na uwanja uliojaa mayowe, nikaona bora nipitie kidirisha cha nyuma. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo la mkufunzi likakataa. Akina baba waliokuwa wakipalilia viazi wakanikuta hivyo, nusu ndani nusu nje, uso na mikono myekundu.

"Kamwene," nikawasalimu (niambieni, ningesema nini?).

Mmoja akainua jembe. Lutengano akaja mbio akasimama mbele yangu, mikono ameitanua.

"Baba zangu, msimpige! Huyu ni mwalimu wangu."

Yule mwenye jembe alimgeukia. "Kumbe ni wewe uliyemleta?"

Lutengano hakujua kwamba nilikuwamo, na angeweza kulisema hilo mbele yao wote, nami ningestahili. Akainamisha kichwa tu.

Walinivuta kwa miguu kurudi ndani, suruali ikachanika, wakanipitisha uwanjani mbele ya kijiji kizima. Mchungaji alikuja kuwaeleza mimi ni nani, akaniletea maji, wino ukagoma kutoka. Lakini siku ile kicheko hakikuwapo, kwa sababu yule msichana wa kwenye ufa alikuwa ameanguka dirishani akavunjika mkono, na baba yake alikuwa amembeba kumpeleka zahanati ya misheni.

Kesho yake darasa lilikuwa tupu. Tukapita nyumba kwa nyumba, mimi nikiomba radhi, Lutengano akitafsiri. Kwa yule msichana, mama yake alitutolea vigoda tukae, akazungumza na Lutengano peke yake, kwa Kiswahili, nadhani ili nami nielewe.

"Si kwamba hatukupendi, mwanetu. Ila ulituambia huna siri."

Lutengano alinisindikiza hadi barabarani kungoja lori la Njombe.

"Mwalimu," akasema, "nakuheshimu kama baba. Lakini kazi hii naomba nisimamiwe na mtu mwingine."

"Una haki, mwanangu," nikamjibu, nikageukia upande wa upepo ili machozi yaonekane ni ya baridi.

Mkono wa yule binti uliunga, ingawa ulibaki umepinda kidogo. Watoto walirudi mmoja mmoja, ikabidi Lutengano aanze upya na wazazi wao, na alipokuja chuoni kuisoma kazi yake mbele ya wakufunzi nilikaa nyuma kabisa kama mgeni. Ilikuwa kazi njema. Sikuwa na fungu ndani yake.

Tangu hapo siingii darasa la mtu bila kupiga hodi, nikataja jina langu na nililofuata. Watoto hunyamaza, ndiyo. Basi nakaa nao, nangoja mpaka wanizoee, na wasiponizoea naondoka bila kuona kitu.