Silinda Nne Zilizolala

Baba mdogo alinunua shangingi lake kwenye mnada wa mradi wa barabara uliokuwa unafunga virago. Lilikuwa gari la Kimarekani, jeupe, pana kiasi kwamba likipita mtaa wa Mlabani, pale Ifakara, wauza nyanya walisogeza meza zao nyuma, na chini ya boneti lilikuwa na injini ya petroli ya silinda nane. Wanunuzi wengine siku hiyo waligombania pikipiki. Hili hakuna aliyelisogelea. Baba mdogo, bwana shamba mstaafu aliyewashauri wakulima maisha yake yote wasinunue kitu kabla ya kuuliza kwa nini kinauzwa, alilichukua kwa furaha na hakuuliza.

Jibu alilipata kwa gari lenyewe. Safari moja ya kwenda Mchombe kuangalia shamba lake la mpunga ilimaliza mafuta ambayo, kwa maneno ya jirani, pikipiki ingezungukia wilaya nzima. Baada ya hapo shangingi lilishinda uani limefunikwa turubai, na baba mdogo akawa anakwenda shambani kwa baiskeli, ila kofia ya udereva hakuivua.

Alipokaa nalo miezi kadhaa akapata nadharia. Injinia mmoja wa ule mradi alimwambia kabla ya kuondoka kwamba huko Marekani waliwahi kuunda gari ambalo likiwa tambarare baadhi ya silinda zake zinajizima zenyewe ili kubana mafuta, na likianza kupanda mlima zinaamka. Alimwambia pia kwamba gari hilo liliwasumbua wenye nalo hadi wakaachana nalo. Nusu ya kwanza ya habari hiyo baba mdogo aliisikiliza kwa makini sana.

"Bonde letu ni tambarare tupu," alitutangazia jioni moja tukiwa tunakula. "Silinda nane za nini? Nne zifanye kazi, nne zilale. Tukifika mlimani tunaziamsha."

"Utaziamshaje?" mama mdogo aliuliza.

"Kwa mkono."

Mama mdogo aliendelea kula.

Kuziamsha na kuzilaza, kama alivyolielewa jambo lenyewe, kulikuwa ni kuchomoa na kuchomeka waya za plagi, zile zinazopeleka moto kwenye silinda. Hakuzungumza na fundi yeyote, maana mafundi, alisema, wanaishi kwa kuharibikiwa kwetu.

Mwaka huo mtoto wao wa kwanza, niliyemwita kaka, alipadrishwa. Misa yake ya kwanza ilipangwa kufanyika kijijini kwa kina mama mdogo, upande wa Mahenge, ng'ambo ya mto na juu milimani. Baba mdogo alisema baba wa padri hawezi kufika amening'inia kwenye lori la watu. Angefika na gari lake, akiwa na wanakwaya wa Ifakara ndani, na angefika kwa nusu ya mafuta.

"Mimi nataka kuiona misa ya mwanangu," mama mdogo alisema. Ijumaa akapanda basi, akaondoka.

Sisi tuliondoka Jumapili alfajiri, wanakwaya kumi, nami nikiwemo kwenye sauti ya pili, tumevaa sare mpya za kitenge. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi wakati huo, na kwa kuwa ni mtoto wa kaka yake nilipewa heshima ya kukaa mbele. Baba mdogo alifungua boneti, akachomoa waya nne, akazifunga pembeni kwa vipande vya mpira wa tyubu kwa upole, kama mtu anayefunika watoto shuka. Kisha akawasha.

Gari lilitetemeka lote kama mashine ya kukoboa mpunga. Kiongozi wa kwaya aliomba tupashe sauti njiani, tukajaribu, lakini kila noti tuliyoishika ilitoka vipande vipande. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliuliza kwa nini huko nyuma kunanuka petroli mbichi.

"Hiyo ndiyo tunayookoa," baba mdogo alijibu.

Na kweli ilikuwa inatoka nje. Silinda zilizolala hazikuwa zimeacha kunywa. Kabureta iliendelea kuzimiminia sehemu yao ya petroli, nazo kwa kukosa moto ziliipitisha ilivyo kwenye bomba la moshi. Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Wakati ule tulichojua ni kwamba vitenge vyetu vinanuka kituo cha mafuta.

Mtoni tulipanda pantoni salama. Shida ilikuwa kushuka. Upande wa pili ukingo ulikuwa na tope na mwinuko, na wafugaji walikuwa pale na ng'ombe wao wakisubiri kuvuka. Gari lilipanda hatua chache, likakohoa, likarudi nyuma taratibu kuelekea majini. Tukaruka wote, viatu vya misa mkononi, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu.

"Sasa ndipo mtaona," baba mdogo alisema, akafungua boneti.

Alizirudisha waya zote nne. Akakaa kwenye usukani, akajiweka sawa kofia, akawasha. Petroli yote iliyokuwa imejikusanya kwenye bomba tangu nyumbani ikakutana na moto. Ulikuwa mlipuko ambao mfano wake sijausikia tena. Sailensa ilipasuka, kipande chake kikaruka mtoni, na ng'ombe wakatawanyika kila upande huku wafugaji wakiwakimbilia. Mmoja wao alirudi akihema, akamtazama baba mdogo, akamwamkia.

"Shikamoo, mzee. Hili ni gari au ni bunduki?"

"Marahaba. Ni gari. Lilikuwa limelala."

Sasa lilikuwa macho. Lilipanda ukingo kwa mkupuo mmoja, na bila sailensa liliunguruma hivi kwamba tulizungumza kwa ishara hadi milimani.

Yaliyotokea kanisani alinisimulia mama mdogo. Saa ya misa ilipita, kaka akiwa mlangoni amevaa mavazi ya ibada, anachungulia bonde. Mara wakasikia ngurumo kutoka chini.

"Ni gari la baba," kaka alisema. "Tumsubiri kidogo."

Wakasubiri. Ngurumo ikapanda kona ya kwanza, ikapanda ya pili, watu wakaanza kutabasamu. Kisha ikakata, kukawa kimya.

"Mafuta yameisha," mama mdogo alisema. "Anza misa, mwanangu."

Tulipanda kipande kilichobaki kwa miguu. Baba mdogo alitangulia, kofia mkononi, na hilo liliniumiza kuliko kutembea. Tuliingia waumini wakiwa tayari wanapeleka vipaji, sadaka zao, altareni. Kwaya ya kijiji ilikuwa inaimba vizuri sana, kwa hiyo tukasimama nyuma na matope yetu.

Mwisho wa misa, padri mpya huwabariki wazazi wake kwanza. Mama mdogo alipiga magoti. Baba mdogo alibaki nyuma, anafuta mikono kwenye suruali, lakini grisi ilizidi tu kuenea. Kaka alimsubiri, kisha akashuka altareni akamfuata kule kule mlangoni, akamwekea mikono kichwani. Desturi ni kuibusu mikono hiyo iliyopakwa mafuta matakatifu. Baba mdogo aliishika, akaibusu, na alipoiachia ilikuwa na alama nyeusi za vidole vyake.

"Nisamehe, baba," alisema. Alikuwa akimwita mwanawe baba, kama waumini wanavyomwita padri, kwa mara ya kwanza.

"Umefika," kaka alimwambia.

Kaka hakuzinawa alama zile hadi baada ya chakula. Nilimwona akigawa wali kwa mikono ile ile, akicheka, na watu wakiitazama.

Petroli ya kurudia ililetwa na lori la mbao. Siku iliyofuata tulirudi na silinda zote nane, mama mdogo akiwa mbele, mimi nyuma. Tulifika Ifakara na mafuta yakabaki, mengi tu. Baba mdogo aliigonga geji ya mafuta kwa kidole.

"Kurudi ni mteremko," alisema.

"Bonde ni tambarare tupu," mama mdogo alisema, akafungua mlango, akashuka na mfuko wake wa nyama ya sherehe.