Yunus Bado Yuko Ndani

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Old Kampala, hakuna aliyethubutu kumwacha Nabii Yunus tumboni mwa samaki. Jaja, mama yake mama, ndiye aliyetusimulia habari za mitume wa kwenye Kurani, mimi na mdogo wangu Musa, na alikuwa na mwiko mmoja: hadithi ya Yunus ikianza lazima iishe. Uji uungue, mgeni abishe hodi, atangoja. Ukiikata Yunus akiwa bado gizani, alisema, mtu wako mmoja naye atakwama huko aliko. Baba, polisi kutoka kaskazini, Mkristo, alimcheka, lakini hata yeye alisubiri samaki atapike ndipo aombe chakula.

Siku ile mvua ilinyesha mchana, mabati yanapiga kelele, Jaja anapaza sauti tumsikie. Mama alikuwa soko la Nakivubo, kando ya mfereji mkubwa, anauza nguo za watoto. Jaja alishafika kwenye giza, giza la usiku juu ya giza la bahari juu ya giza la tumbo, jirani akasukuma mlango, maji yanamtiririka, akasema mfereji umefurika, maji yako sokoni, watu wanabebwa. Jaja akainuka, akatoka kichwa wazi, yeye ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti bila mtandio.

Nikamkimbilia. "Jaja, Yunus bado yuko ndani!"

Hakugeuka.

Nikajua mama ameshakwama. Nikamketisha Musa, nikasema nitaimaliza mimi, lakini dua aliyoomba Yunus sikuijua, na bila dua samaki hatapiki. Nikasoma Bismillahi. Nikasoma Alhamdu mpaka pale nilipokuwa nimefundishwa madrasa. Nikasema haya, samaki ametapika.

"Hajatapika," Musa akasema. "Jaja hasemi hivyo."

Nikaanza upya tangu merikebu, na tena, nalia huku nasimulia, sauti imekauka, na kila tukifika tumboni Musa anatikisa kichwa.

Jioni Jaja akarudi amemshika mama mkono, tope mpaka kifuani, kiatu kimoja. Mama alikuwa amepanda ngazi za duka, akang'ang'ania chuma cha mlango hadi maji yakapungua. Jaja hakubadili hata nguo. Aliketi palepale chini, amelowa, akatusimulia kuanzia gizani mpaka ufukweni, na mama akasikiliza pamoja nasi.

Nimesoma mpaka sekondari, najua mfereji ule huzibwa na takataka ndiyo maana unafurika, Yunus hahusiki. Najua. Lakini sasa nina binti wa miaka minne, naye husinzia kabla samaki hajatapika, na baba yake anaendesha boda boda, na mawingu yakikusanyika upande wa Nakasero nampigia simu, haipatikani, nampigia tena, nifanyeje, nimwamshe mtoto? Niliwahi kumwamsha. Alilia, nami nikalia.

Nadhani Jaja hakutaka tu mtoto abaki na giza lile peke yake, kama nilivyobaki mimi. Kwa hiyo siku hizi naanza na mwisho. Yunus alitoka, namwambia kwanza, alitoka mzima, yuko ufukweni anaota jua. Ndipo namwingiza tumboni.

"Mama, umeharibu hadithi," ananiambia.

Namwacha aseme, huku sikio langu liko nje, linatafuta mlio wa pikipiki moja tu.