Kesi ya mianzi iliyonipeleka kusoma sheria na kumtoa baba kwenye uzee wa kanisa

Wakuu, kamwene.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Baba alinisamehe kabla hajafa, kwa hiyo sina sababu ya kuongopa.

Ilikuwa Njombe, mwishoni mwa enzi ya Mwingereza. Nilikuwa nimemaliza shule, na habari zilitufikia kwamba Dar es Salaam panaanza masomo ya sheria, degree kabisa, bila kwenda Ulaya.

Nikawa siongei kingine. Nilihutubia ng'ombe. Ukungu ukitanda bondeni asubuhi, mimi nauona umati wa mahakama umetulia, unanisikiliza.

Shida ilikuwa form. Ilitaka sahihi ya mzazi.

"Wakili ni mtu wa kuwasemea waongo," baba alisema. "Mimi mzee wa kanisa. Nitoe mwana kwa kazi hiyo?"

Kisha ikaja kesi.

Kati ya shamba letu na la jirani, Mzee Ngole, palikuwa na kichaka cha mianzi. Masika yakianza, watu hukata vichipukizi na kufunga mbeta, yaani kopo la mwanzi, ulanzi, maji ya mwanzi yanayochacha kuwa pombe, ukadondokea humo. Mwaka ule Mzee Ngole akasema kichaka chote ni chake. Baba akamshtaki kwa jumbe.

"Nisemee barazani," akaniambia. "Ukishinda, naweka sahihi."

Wiki nzima nilijiandaa. Nilijua nikithibitisha kwamba tumeigema mianzi ile miaka yote, tumeshinda.

Siku ya baraza watu walijaa. Mwinjilisti wetu naye alikuja, akakaa mbele, karibu na jumbe.

Nikamwita baba awe shahidi.

"Baba, umeigema mianzi ile tangu lini?"

"Tangu wewe hujazaliwa."

"Kila masika?"

"Kila masika."

Nikatoa exhibit: mbeta saba kutoka nyuma ya ghala letu, kila moja ina alama ya kisu cha baba. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikanogewa.

"Na ulanzi wote huo ulikwenda wapi?"

Baba akanitazama. Akamtazama mwinjilisti.

Ndipo nikakumbuka. Mzee wa kanisa letu haruhusiwi kugusa pombe. Nyumbani tulijua wote, ila halikuwa jambo la kusemwa.

"Nilikunywa mtamu tu," baba akasema polepole. "Wa asubuhi, kabla haujachacha."

"Mwongo huyo," Mzee Ngole akadakia. "Nimekunywa naye mimi. Mtamu alikuwa anawapa watoto."

Baraza likaangua kicheko. Jumbe akajifunika uso kwa kofia.

Tukashinda. Kichaka kikawa chetu.

Jumapili baba akavuliwa uzee wa kanisa, akahamia benchi la nyuma. Pembeni yake alikaa Mzee Ngole, aliyetengwa kwa ushahidi wake mwenyewe.

Siku tatu form ilikaa mezani chini ya Biblia, nami nilipita hapo kama mwizi, nikiogopa kuinua kile kitabu. Siku ya nne akanipa mwenyewe. Ilikuwa na sahihi.

"Nilikuahidi," alisema. "Tena nilikukosea. Nilidhani wakili kazi yake ni kusemea uongo. Kumbe ingekuwa heri."

Alinisindikiza hadi Makambako, njia panda, kungoja lori la Iringa. Upepo ulikata masikio. Akachomoa mbeta ndani ya koti, akanywa, akanipa.

"Mtamu huu, baba?"

"Swali hilo," akasema, "usimwulize tena shahidi wako."

Chuoni walinifundisha mengi, wakuu, lakini somo kubwa nilikuwa nimeshalipata: kushinda kesi na kumwokoa mtu wako ni vitu viwili. Ukiona baraza linakukubali sana, kaa chini.

Mawakili mliomo humu, na ninyi mnaojaza form mwaka huu: nani mwingine alianza kazi kwa kumfunga mteja wake? Nisiwe peke yangu, semeni.